Haya Isifunge Mlango wa Tiba: Homoni Baada ya Ukomo wa Hedhi na Hatari ya Damu Kuganda



Katika msikiti wetu hapa Tumbi, Kibaha, upande wa wanawake, kuna kisanduku cha mbao ambamo kina mama hutia maswali yao kabla ya darsa ya Jumapili. Sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ndio tunaokifungua na kuyapanga maswali kabla hayajamfikia sheikh. Mengi huwa ya twahara, mirathi, talaka na malezi. Wiki chache zilizopita tulikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, isiyo na jina, yenye maswali mawili. La kwanza: je, inajuzu mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi kutumia dawa za homoni ili apunguziwe joto na kukosa usingizi? La pili: je, ni kweli kwamba dawa hizo hugandisha damu na kuua?

Swali la kwanza sheikh alilijibu kwa ufupi, kwamba asili ya kujitibu ni ruhusa na sharti lake ni mtu kutojitia katika madhara. Lakini jibu hilo linategemea swali la pili, na la pili linahitaji maelezo marefu kuliko yanayotosha baada ya Alasiri. Tumeona tuliandike hapa kwa sababu limepita nyumbani kwetu, na kwa sababu tunaamini kwamba katika nyumba nyingi za Waislamu yumo mama anayelibeba peke yake.

Tuanze kwa kuliondolea jambo hili aibu. Kukoma kwa hedhi si ugonjwa wala si laana. Qur'ani Tukufu, katika Surat Hud, inatusimulia mshangao wa mke wa Nabii Ibrahim (AS) alipobashiriwa mtoto katika uzee wake. Katika Surat At-Talaq, aya ya 4, wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi wamewekewa eda yao ya miezi mitatu. Sheria iliyokitambua kipindi hiki na kukipa hukumu yake haikukifanya kuwa jambo la kunong'onezwa.

Matabibu husema mwanamke amefikia ukomo wa hedhi inapotimia miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza mno kutengeneza homoni ya estrojeni, na mwili uliozoea homoni hiyo kwa miaka mingi huanza kulalamika. Joto hupanda ghafla kifuani hadi usoni, jasho hulowesha shuka usiku, usingizi hukatika, moyo hudunda, mifupa huanza kupungua nguvu. Wapo wanaopita kipindi hiki kwa wepesi, na wapo wanaoteseka miaka kadhaa. Hapa kwetu Pwani, ambako joto ni la kila mtu, mateso yao husingiziwa hali ya hewa na hakuna anayewauliza zaidi.

Mtume wetu Muhammad (SAW), kwa mapokezi ya Usama bin Sharik (RA), aliwahimiza watu kujitibu, akafahamisha kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Sisi tunaifahamu hadithi hiyo kwa pande zake zote mbili. Uzee hauna dawa, na hakuna kidonge kitakachomrudisha mama kwenye miaka yake ishirini. Lakini adha inayoambatana na umri ni jambo jingine, na kuitafutia nafuu hakupingani na kuridhika na kadari ya Allah (SW).

Sasa tuyaseme yaliyotukuta. Mama yetu mkubwa, dada wa mama yetu mzazi, ameturidhia tuyaandike haya bila ya kumtaja jina. Akiwa na umri wa miaka 57, alikuwa akiamka usiku mara mbili au tatu kubadilisha kanga iliyolowa. Hakumwambia mtu isipokuwa shoga yake aishiye Muscat, naye alipokuja kusalimia alimletea paketi kadhaa za vidonge vya homoni vilivyomsaidia yeye mwenyewe. Mama mkubwa akameza, akalala, akamshukuru Mola wake. Hakupimwa shinikizo la damu wala hakuulizwa habari za jamaa zake. Lau angeulizwa, lingejulikana jambo zito, kwamba mdogo wake, yaani mama yetu, aliwahi kulazwa kwa bonge la damu mguuni baada ya kujifungua. Jambo hilo lilikuwa halizungumzwi nyumbani kwa kuwa lilihesabiwa kuwa ni mambo ya uzazi.

Miezi minne baadaye ukatokea msiba Lindi. Akapanda basi, akakaa kitini karibu siku nzima, kisha akakaa tanga siku tatu juu ya mkeka, akarudi tena kwa basi. Siku ya pili baada ya kurejea, mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia kigimbi. Jamaa wakajadiliana. Mmoja akasema ni matende yanaanza. Mwingine akasema amekanyaga kitu huko msibani, atafutiwe wa kumsomea. Wakaafikiana kwamba kwanza akandwe kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akakandwa mikesha miwili.

Siku ya tatu, katika Sala ya Alfajiri, hakuweza kuikamilisha rakaa ya pili bila ya kutweta, na kila alipovuta pumzi kichomi kilimchoma ubavuni. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akamuuliza mbele yetu: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mama mkubwa akatutazama sisi wanawe, akainamisha macho, akajibu: "Situmii dawa yoyote, mwanangu." Mama wa watoto wetu ndiye aliyetuomba sisi wanaume tutoke. Mlango ulipofungwa akamwinamia sikioni, akamwambia: "Mama mkubwa, tumebaki wanawake watupu. Hebu tuambie." Ndipo habari ya vidonge ilipotoka.

Uchunguzi ulionyesha kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande cha bonge hilo kilikuwa kimesafiri hadi kwenye mapafu. Alidungwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, kisha akapewa vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi. Leo yu hai, anaswali kwa kusimama, alhamdulillahi.

Sisi wa Tumbi tuna hospitali ya rufaa ya mkoa mlangoni petu, inayojulikana sana kwa kupokea majeruhi wa ajali za barabara ya Morogoro. Kwa hiyo watu wa hapa wanajua kumkimbiza mtu anayevuja damu. Damu isiyovuja, inayoganda kimyakimya ndani ya mshipa, haitushtui. Hatari yake, hata hivyo, si ndogo. Bonge likiziba mshipa wa mguu, damu hushindwa kurudi juu na mguu huvimba. Kipande kikikatika na kuingia katika mapafu, njia ya damu huzibika huko, na mtu anaweza kufa kwa muda mfupi.

Daktari alitueleza kwamba vidonge pekee havikufanya hayo yote. Mambo mengi yalikutana kwa mama mmoja: umri, uzito wa mwili, safari ndefu ya kukaa bila ya kunyoosha miguu, siku za mkekani, asili ya kuganda damu katika ukoo, na juu ya yote hayo, homoni ya kumeza. Kukanda nako hakukuwa salama, kwa sababu mguu wenye bonge haufai kusuguliwa wala kuminywa. Bonge linaweza kubanduka.

Uvumi kwamba homoni hizi zinaua una chanzo chake. Mwaka 2002 nchini Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative, sehemu yake iliyowahusu wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79. Nusu yao walipewa kidonge chenye estrojeni na projestini, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa ndani yake. Baada ya wastani wa miaka mitano na kidogo, wasimamizi waliona madhara yamezidi manufaa. Kati ya madhara hayo yalikuwamo maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Habari zikaenea duniani, na wanawake wengi mno wakaziacha dawa hizo kwa hofu.

Ni vyema tuitazame hesabu yenyewe. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia kidonge hicho kwa mwaka mmoja, takriban 34 walipata bonge la damu mguuni au mapafuni. Katika 10,000 wasioitumia dawa, walikuwa 16. Anayetaka kutisha atasema hatari iliongezeka maradufu, na atakuwa amesema kweli. Anayetaka kutuliza atasema ni wanawake 18 tu waliozidi katika 10,000, naye atakuwa amesema kweli. Mama wa nyumbani akisikia kauli ya kwanza peke yake, ataikimbia dawa ambayo pengine ingemfaa. Akisikia ya pili peke yake, atameza chochote atakacholetewa. Tena wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa jumla mizani ya faida na hatari huwa nzuri zaidi kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, maadamu hana kizuizi kingine.

Liko jambo jingine ambalo watu wengi hawajalisikia: njia ambayo dawa inaingilia mwilini. Kidonge cha kumeza hupita tumboni na kufikia ini kabla ya kusambaa. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyoigandisha damu, na estrojeni nyingi inapolifikia kwa mkupuo, hulichochea litengeneze zaidi. Kibandiko kinachobandikwa juu ya ngozi, au jeli inayopakwa, huingiza homoni katika damu pole pole bila ya kuanzia kwenye ini. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo katika miaka ya 2000, na mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Uingereza, uliochunguza kumbukumbu za zaidi ya wanawake 80,000 waliopata mabonge ya damu, ulikuta kwamba vidonge vilihusishwa na ongezeko la hatari, lakini homoni za kupitia kwenye ngozi hazikuhusishwa nalo. Vibandiko hivyo huwezi kuvikuta katika kila duka la dawa la mtaani, lakini inafaa mama ajue kwamba vipo, ili aweze kumuuliza daktari.

Kwa wanaotumia vidonge, hatari ya bonge huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Mwanamke mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwa kuwa huweza kuleta saratani ya mfuko huo. Huongezewa homoni ya pili ya kumlinda. Aliyewahi kupata bonge la damu, saratani ya matiti, kiharusi au mshtuko wa moyo, au mwenye maradhi ya ini, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu yake, asiguse dawa hizi kabla ya daktari kulichunguza jambo lake. Na vidonge vya uzazi wa mpango visichukuliwe kuwa badala yake, kwani homoni iliyomo katika vile vyenye estrojeni kwa kawaida huwa na nguvu zaidi.

Asiyefaa kwa homoni hajafungiwa milango yote. Zipo dawa nyingine zisizo za homoni ambazo daktari anaweza kumwandikia. Wapo pia wanaopata nafuu kwa nguo nyepesi za pamba, chumba chenye hewa, kupunguza uzito, na kuepuka chai ya moto na pilipili wakiona kwamba vinawaamshia joto.

Yako pia mambo mawili ya kifiqhi ambayo familia za Kiislamu haziwezi kuyapita. Dawa mojawapo ya zamani katika kundi hili, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, na ndiyo iliyotumika katika utafiti wa mwaka 2002, estrojeni yake hutolewa katika mkojo wa farasi jike wenye mimba. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, mkojo wa mnyama yeyote ni najisi. Wanazuoni wana maneno marefu kuhusu kitu kilichogeuka dhati yake na kuhusu dharura ya tiba. Lakini hapa kuna wepesi, kwa kuwa zipo estrojeni nyingine zinazotengenezwa kutokana na mimea. Mama na amuulize daktari au mfamasia asili ya dawa, kisha amuulize sheikh wake hukumu.

La pili ni damu. Baadhi ya taratibu za tiba hii huleta damu kila mwezi, na mwanamke akajikuta hajui kama aswali au aache. Hilo apelekewe mwanachuoni, naye aelezwe dawa ilivyo. Lakini mwanamke asiyetumia dawa yoyote, ambaye hedhi yake ilikwisha koma mwaka mmoja au zaidi, kisha akaona damu, asijishughulishe na hukumu ya sala peke yake. Aende hospitali, kwa sababu damu hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi. Fatima binti Abi Hubaysh (RA) alimwendea Mtume (SAW) kuhusu damu isiyokatika, na Mtume akamfahamisha kwamba ile ilikuwa ni ya mshipa wala haikuwa hedhi. Bibi huyo hakuogopa kuuliza, na kwa swali lake umma mzima umepata elimu.

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wasimame nasi. Haya ni sehemu ya imani, na hatutaki mtu aivue. Lakini Bi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Ikiwa haya haikuwazuia kuuliza habari za twahara mbele ya Mtume wa Allah, haiwezi kuwa hoja ya kumficha daktari dawa unayomeza. Mama mkubwa hakudanganya kwa ubaya. Alijibu hivyo kwa kuwa aliulizwa mbele ya wanawe.

Kwa hiyo tunayo maombi. Kwa wanaume: unapompeleka mama, shangazi au mkeo hospitali, mpe salamu daktari, kisha toka. Muachie mwanamke mwenziwe abaki naye, na ikiwezekana aombewe daktari au muuguzi wa kike. Kwa mabinti na wakwe: waulizeni mama zenu kwa upole, faraghani, dawa wanazotumia, na fungueni mikoba ya dawa kabla ya kwenda kliniki. Kwa wazee: waambieni watoto habari za maradhi ya ukoo, nani aliganda damu, nani alipata saratani ya matiti. Hiyo si siri ya kuzikwa nayo.

Dalili nazo zijulikane na kila mtu ndani ya nyumba. Mguu mmoja kuvimba kwa saa chache au siku chache, ukiuma na kuwa na joto, hasa kwenye kigimbi. Katika ngozi zetu nyeusi wekundu huenda usionekane, basi tusiungojee. Matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, nayo huja pole pole kwa miezi na miaka. Hayavimbishi mguu ghafla baada ya safari. Kukosa pumzi ghafla, kichomi wakati wa kuvuta hewa, kukohoa damu au kuzimia ni jambo la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Kisomo ni kheri, na msomaji anaweza kukisoma ndani ya gari.

Wanaokwenda Hija na Umra nao wakumbuke. Safari ni ya saa nyingi za kukaa, katika ndege na kisha katika mabasi. Simameni, tembeeni, chezesheni vifundo vya miguu, kunyweni maji. Na dada zetu wanaomeza vidonge vya kuchelewesha hedhi ili wawahi tawafu, hivyo navyo ni homoni. Asivimeze mtu kwa kuazima kwa mwenzake wa chumba, hasa aliyewahi kuganda damu yeye au jamaa yake wa karibu. Mjane aliye edani pia, kukaa kwake nyumbani hakumkatazi kutembea uani na kunyoosha miguu yake.

Kamati yetu imemwomba muuguzi mmoja wa kike, muumini mwenzetu, awe anakuja katika darsa ya kina mama Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sheikh kumaliza. Wanaume hatuingii. Tunawaomba ndugu zetu wa misikiti mingine ya Kibaha na Kisarawe wajaribu mfano huo, kwani hauhitaji fedha nyingi, unahitaji mkeka na saa moja.

Aliyeandika karatasi ile hatumjui wala hatumtafuti. Tunamwambia hivi: dada yetu, au mama yetu, usiikimbie dawa kwa uvumi wala usiimeze kwa siri. Nenda ukapimwe, mtajie daktari yote yaliyo mwilini mwako na katika ukoo wako, muulize kuhusu kidonge na kibandiko, kisha mshauriane. Ukipewa, tumia kwa kipimo na rudi kuangaliwa. Ukikatazwa, uliza kuna nini kingine.

Tunamwomba Allah (SW) awape shifaa mama zetu wote, wanaosema na wanaonyamaza, na atujaalie sisi watoto wao masikio ya kuwasikiliza.

Wabillahi tawfiq.